Upande wa Pili wa Kitabu

Songea,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Naamini barua hii inakukuta umekaa nje ya jiko, na Yona ndiye anayekusomea. Yona mdogo wangu, hujambo? Soma polepole na kwa sauti, wala usiruke mahali ukidhani si pa muhimu. Nakujua wewe.

Mama, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati imesaidia, au bado unaamka umelishika? Uwele umevunwa wote, au ndege wamekula nusu kama mwaka jana? Na Baba, kikohozi kimemwacha? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, na tangu nifike shuleni hapa sijaugua malaria hata mara moja. Baridi tu ndiyo inanitesa. Mwezi huu wa saba Songea ina baridi ambayo sisi watu wa Iramba hatujawahi kuionja. Asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole, na watoto wanakuja shule wamejikunja kama vifaranga. Kwa bahati, tangu biashara iwe ruksa, mitumba imejaa sokoni mjini, nami nikapata sweta zito la kijani lenye maandishi ya kigeni kifuani ambayo hakuna anayejua maana yake. Nalivaa kila siku. Wanafunzi wananiita Mwalimu Sweta wakidhani siwasikii.

Najua nimekawia kuandika. Tulitoka chuoni wiki sita zilizopita kuja kwenye mazoezi ya kufundisha, na mimi nimepangwa shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya kwenda Tunduru, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Tuko wanachuo wawili, mimi na Mwajuma, binti wa Kiyao wa hukohuko Tunduru. Tumepewa chumba kimoja kwenye nyumba ya walimu. Mwajuma ni mpishi hodari. Dagaa wa Nyasa akiwapika na nyanya, unaweza kusahau kwamba umemaliza wiki nzima bila nyama. Ila mlenda, Mama, huku hawaujui kama tunavyoujua sisi. Niliwaeleza walimu namna tunavyoupika kwetu, mmoja akaniuliza kama tunaula au tunaunywa.

Mimi nafundisha darasa la tatu, Kiswahili na Hisabati. Mwenye darasa ni Mwalimu Haule, mzee wa karibu kustaafu, mtu wa utaratibu sana. Watoto ni sabini na wawili. Madawati yalikwisha zamani, kwa hiyo wanakalia matofali. Vitabu vya kusomea viko vinane. Siku hizi vitabu vipya vinauzwa madukani, na wazazi wanaambiwa wachangie, lakini mzazi wa huku akimaliza kununua mbolea hana tena cha kuchangia. Basi Mwalimu Haule amewapanga watoto makundi manane. Kila kundi linakaa duara, kiranja wa kundi anakiweka kitabu juu ya tofali katikati, mbele yake, na wengine wanakizunguka na kuinamisha vichwa. Kila mtoto ana tofali lake na mahali pake. Mwalimu Haule aliwapanga hivyo walipokuwa darasa la kwanza, akapanda nao la pili, akapanda nao la tatu, na hakuna aliyewahi kuhama. Siku yangu ya kwanza nilisimama mlangoni nikayatazama yale maduara manane, nikasema moyoni, hapa nimepata darasa lililonyooka.

Mwalimu Haule alinipa kazi mbili. Kwanza, kuandaa wasomaji wazuri watakaosoma siku Mkufunzi wetu atakapokuja kunipima. Pili, kuandika orodha ya watoto wasiojua kusoma, kwa sababu mwisho wa mwaka hao watarudia darasa. Aliniambia, "Mwalimu Damari, waite mmoja mmoja mbele, mpe kitabu, asome aya moja. Anayejua, anayejua. Asiyejua, andika jina. Usibembeleze mtu."

Nikaanza Jumatatu ya wiki ya pili. Mama, kazi ile ilinipa raha, siwezi kukuficha. Nilikaa kwenye kiti na kalamu nyekundu mkononi, watoto wananijia mmoja mmoja, wengine wanatetemeka, nami nikajiona mwalimu kamili.

Jumanne ikafika zamu ya mtoto mmoja anaitwa Otilia Mbawala. Ni mwembamba, ana kama miaka kumi, hana kelele. Baba yake alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya vito, mama yake akamfuata, naye akabaki na bibi yake. Nilimpa kitabu. Akakitazama, akakigeuza juu chini, akaanza kusoma. Alisoma vizuri sana, Mama. Alipita kwenye maneno kama maji, tena na vituo vyake. Darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Mimi nikaona ananidhihaki. Nilidhani amekariri aya kwa kuwasikia wenzake, kisha amegeuza kitabu ili kunionyesha kwamba mwanachuo haogopwi. Nikainuka, nikakishika kitabu, nikakigeuza sawasawa mikononi mwake. "Haya, soma sasa." Akanyamaza. Nikamwonyesha neno la kwanza kwa kalamu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza bila sauti.

"Umekariri kama kasuku," nikamwambia. "Hujui hata herufi. Kasimame ukutani."

Akaenda. Hapo ningeishia, lakini darasa bado lilikuwa linacheka, nami nilitaka linyamaze. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Vichwa vya namna hii vinapoteza chaki ya serikali bure. Ukalime na bibi yako." Kisha nikaandika jina lake kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Likawa jina la kumi na moja, na la mwisho.

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Nilitia alama ya kutokuwapo kwenye daftari la mahudhurio, nikaendelea. Ijumaa, wakati wa mapumziko, niliwasikia wasichana wakiruka kamba na kuimba, "Otilia kichwa chini, Otilia kalime." Maneno yangu, Mama. Niliyasema mara moja tu, nao wameyatia kwenye wimbo wa kamba.

Jioni, tukichambua mboga, nikamsimulia Mwajuma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu. "Huyo mtoto, siku ile ulimfungulia ukurasa gani?"

"Wa somo jipya. Tulikuwa hatujaufikia."

Mwajuma akaacha kuchambua. "Sasa alikariri kwa kumsikia nani?"

Nililala na swali lile, nikaamka nalo. Jumatatu nikamwuliza Mwalimu Haule kama anafahamu kwa nini Otilia haji shule. Akasema, "Nimesikia bibi yake anampeleka Lusewa kwa mjomba wake. Wana tumbaku kule, wanahitaji mikono. Jumatano kuna lori." Alipoona nimeduwaa akaongeza, si kwa ubaya, "Mwalimu, wako sabini na wawili. Ukimkimbilia kila mmoja, utachoka kabla hujaajiriwa."

Siku ileile baada ya masomo nikaenda. Mwanafunzi wa darasa la sita alinionyesha nyumba kwa mbali, akarudi zake. Ni nyumba ya matofali mabichi na nyasi, kiwanja kimefagiliwa vizuri, mahindi yameanikwa kwenye uchanja. Bibi yake Otilia alikuwa anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti kidogo kama tunavyofanya kwetu, nikasema shikamoo. Akaitika marahaba, akaniletea kigoda, akanipa na muhogo wa kuchemsha kwenye sahani. Kisha akaendelea na mahindi yake kama vile nimekuja kupumzika tu.

Nikaanza kuzunguka na maneno. Nikauliza habari za shamba na mvua. Akajibu vizuri, neno kwa neno. Mwisho nikasema, "Bibi, Otilia hatujamwona shuleni."

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Ulisema akalime na bibi yake. Shamba langu ni dogo, halitoshi watu wawili. Ndiyo nimemtafutia pa kulima."

Hakuninyanyulia sauti, Mama, wala hakunitazama. Alisema kama mtu anayetoa taarifa kwamba ameitimiza kazi aliyotumwa. Nikaurudisha muhogo kwenye sahani.

Nikaomba kumwona mtoto. Akaniambia yuko ndani. Nikainama nikaingia. Chumba cha mbele kilikuwa kimebandikwa magazeti ya zamani ukutani, kama watu wengi wanavyofanya kuzuia vumbi la udongo. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo aliyabandika kama yalivyomjia mkononi, mengine wima, mengine kichwa chini. Otilia alikuwa amechuchumaa pembeni, mbele ya karatasi moja iliyobandikwa juu chini, kidole chake kinafuata mstari. Alipokuwa hajaniona bado, nilimsikia anasoma tangazo la baiskeli. "Imara... kwa njia... zote."

Aliponiona akaruka akasimama, mikono nyuma.

Nikamwambia, "Endelea." Hakuendelea. Nikamwonyesha karatasi iliyobandikwa wima, karibu na mlango. "Na hii?" Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo imekaa vibaya, Mwalimu."

Nilikuwa na barua ya Yona kwenye mfuko wa sweta, ile aliyoiandika mwezi wa tano. Yona, unakumbuka uliiandika kwa herufi za kuachana kama mwalimu wako anavyodai? Safari hii herufi zako zimesaidia, usivimbe kichwa. Nikaitoa, nikaigeuza juu chini, nikampa. Hii hakuna mtu duniani aliyemsomea. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma. Alikwama mahali pawili tu. "Mama anasema mbuzi wake mweupe amezaa mapacha, mmoja ana doa usoni. Baba amepaka ukuta chokaa. Dada, njoo na sabuni."

Akainua macho. "Mwalimu, hao mapacha bado wapo?"

Mama, habari za mbuzi wako zimesomwa Songea, kichwa chini, na mtoto niliyekuwa nimemwandika kwamba hajui kusoma. Niliketi pale chini kwenye udongo. Nilikuwa nimeshaelewa, lakini nilitaka anihakikishie. "Otilia, darasani unakaa wapi?"

"Kundi la Desideri. Desideri anashika kitabu."

"Na wewe uko wapi?"

Akaweka barua chini, akanyoosha mkono kuonyesha upande wa pili, mkabala. "Huku."

Tangu darasa la kwanza, Mama. Miaka miwili na nusu ameketi kwenye tofali lake, utaratibu ni utaratibu, kitabu kimemwelekea Desideri. Herufi mojamoja za ubaoni alizinakili kama mtu anayechora, lakini kusoma kwenyewe, mwendo wa maneno, alijifundisha upande ule aliowekwa. Hakuna mtu aliyemsaidia. Aliifanya peke yake kazi ngumu kuliko ya Desideri, mimi nikamwita kasuku.

Nikatoka nje nikamweleza bibi. Nikamwambia, "Bibi, nimekosea. Naomba unisamehe."

Akasimamisha mikono yake juu ya mahindi. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Mimi hujaniambia neno baya, Mwalimu. Mwambie aliyeambiwa."

Basi nikarudi ndani. Huko kwetu au hata huku, umewahi kusikia mwalimu akimwomba radhi mtoto wa darasa la tatu? Mimi sijawahi. Maneno yalikuwa mazito mdomoni. Nikasema, "Otilia, unajua kusoma. Mimi ndiye sikujua kuangalia. Nilikusemea vibaya mbele ya wenzako, na nitalirudisha neno langu mbele yao vilevile."

Alifikiri kwanza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nisome upande gani?"

"Wa wenzako. Nitakufundisha. Haitachukua muda."

"Na huu wangu niuache?"

Nikamwambia usiuache, utakusaidia siku kitabu kikiwa kimoja.

Bibi hakuahidi kitu. Alisema mjomba wa Lusewa ameshatumiwa habari, na lori limeshaombwa. Alinisindikiza mpaka njiani, akanifungia muhogo uliobaki kwenye jani la mgomba. Jumanne Otilia hakuja. Nilifundisha siku nzima huku jicho liko mlangoni. Jumatano, siku ya lori, tulikuwa tumeshaanza kuhesabu kwa vijiti, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yeye, amefuatana na bibi yake, aliyesimama nje ya mlango na kilemba chake mpaka nilipotoka. "Mpaka mavuno yajayo," akasema. "Halafu tutaona." Akaondoka.

Nikawasimamisha watoto wote. Nikawaambia kwamba nilikosea, kwamba Otilia anasoma, na kwamba neno nililomwambia halikuwa la kweli wala halikuwa zuri. Walinitazama kama nimeongea lugha ya kigeni. Kisha nikawaagiza kila mmoja ahame tofali moja kwenda kulia, na kwamba tutafanya hivyo kila asubuhi. Zikazuka kelele usizoweza kuzifikiria. Desideri alilia kwa kunyang'anywa kitabu.

Hapo ndipo nilipoona mengine. Waliokuwa wakikaa ubavuni mwa kitabu, zamu yao ilipofika ya kuwa mbele yake, wakakigeuza ubavu. Kumbe wale watoto niliokuwa nikiwapigia kelele kila siku, "Nyoosha shingo! Kaa vizuri!", walikuwa wanapinda shingo ili wasome. Nikaichukua ile orodha yangu nyekundu, nikawaita tena mmoja mmoja, safari hii nikawaacha wakishike kitabu watakavyo. Kati ya kumi na mmoja, sita walikuwa wanasoma. Watano hawakujua kweli, na hao nao nimegundua hakuna aliyewahi kukaa nao dakika tano.

Mwalimu Haule hakufurahi. Alisimama mlangoni akatazama matofali yanavyoburutwa, akaniita pembeni. "Binti, Mkufunzi anakuja wiki ijayo. Mimi nimekujengea darasa, wewe unalibomoa. Siku hiyo warudishe kwenye nafasi zao. Waite Desideri na wale wasomaji watano, wasome, upate alama zako, uende zako kwa amani. Huyo mtoto mweke nyuma." Na alikuwa na haki kwa namna yake, Mama. Alama za mazoezi ndizo zinazoamua kama nitafaulu au nitarudia mwaka, na gharama za mwaka mwingine nyumbani tutazipata wapi? Nililifikiria shauri lake siku mbili nzima. Nilishaandika andalio la somo lenye majina ya wasomaji sita, na Otilia hakuwemo.

Mkufunzi wetu ni mama wa makamo ambaye wanachuo wote tunamwogopa. Alifika asubuhi ya ukungu amevaa koti la mvua, akaketi nyuma kwenye kiti cha Mwalimu Haule, na Mwalimu Haule akasimama kando yake. Nikaanza vizuri. Nilikuwa na zana zangu za maboksi, picha za wanyama, kila kitu. Desideri akasoma, wa pili akasoma. Nikauliza, "Nani mwingine?" huku namtazama yule wa tatu niliyemwandaa. Otilia akanyoosha kidole.

Ningeweza kumpita. Mkufunzi asingejua. Lakini alikuwa ameunyoosha mkono wote, mpaka kalio limeinuka kwenye tofali, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nikasema, "Njoo, Otilia."

Akakishika kitabu sawasawa, kama wenzake. Akasoma polepole, neno moja, anapumua, neno jingine. Mstari wa pili akakwama. Darasa likaanza kunong'ona. Akasubiri kidogo, kisha akakigeuza kitabu juu chini, akalichungulia neno, akakirudisha, akalisema. Akaendelea.

"Mwalimu," Mkufunzi akasema kutoka nyuma. "Huyo anafanya nini?"

Jibu jepesi lilikuwapo mdomoni, kwamba ni utundu wa watoto. Badala yake nikamweleza yote, nimesimama mbele ya watoto na mbele ya Mwalimu Haule. Nikamweleza duara, na kitabu, na orodha nyekundu, na neno nililosema. Muda wa somo ukaisha nikiwa nusu ya andalio langu. Mkufunzi aliandika na kuandika, hakuinua uso.

Alama nilizopata ni za wastani, Mama. Amenipitisha, lakini sikupata zile nzuri nilizozitarajia. Kwenye fomu ameandika kwamba somo halikukamilika na darasa lina kelele. Ni kweli. Lakini kabla ya kuondoka aliomba ile orodha, akaenda nayo kwa Mwalimu Mkuu, na majina ya wale sita yakafutwa. Otilia wa kwanza. Akaagiza pia kwamba mimi na Mwajuma tuzunguke madarasa ya kwanza na ya pili tukaangalie watoto wanakaaje.

Mwalimu Haule hakusema nami wiki nzima. Siku moja tu ofisini alisema, bila kunitazama, "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Miaka thelathini nafundisha." Nilimwomba radhi, maana sikukusudia, na mtu mwenye vitabu vinane kwa watoto sabini na wawili amefanya alichoweza. Akachukua chaki zake, akatoka. Lakini juzi niliwahi shule, ukungu bado haujatoka, nikamkuta peke yake darasani amekunja suruali, anayahamisha matofali. Nikarudi nyuma taratibu, nikasubiri nje mpaka kengele.

Otilia sasa anasoma pande zote mbili. Akichoka anarudi kwenye upande wake, nami simkatazi. Sijui kama bibi atamwacha baada ya mavuno. Nitakuwa nimeshaondoka, na hilo linaniuma.

Mama, kuna jambo jingine, nalo si la Songea. Yona, hapa ndipo nilipokukataza kuruka.

Nilipokuwa darasa la tano ulijiandikisha kisomo cha watu wazima, pale kanisani, saa za alasiri. Ulikwenda wiki mbili. Jumatatu ya wiki ya tatu ulirudi mapema, ukaliweka daftari juu ya dari, hukwenda tena. Sisi tukaligeuza kuwa mzaha. Mgeni akija tunamwambia Mama aliukimbia ubao, nawe unaendelea kukoroga chungu. Mimi ndiye niliyekuwa nalisimulia kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nashika namba ya kwanza na nilijiona najua.

Sijawahi kukuuliza siku ile mwalimu alikwambia nini. Sikuuliza kwa sababu nilidhani jibu ninalo, kwamba ulishindwa. Sasa mimi ni mwalimu, na nimeyasikia maneno yanayoweza kutoka kwenye kinywa cha mwalimu akiwa anataka darasa linyamaze. Nisamehe, Mama, kwa kila mgeni niliyemsimulia.

Mwezi wa kumi na mbili nitafika. Ukipenda utaniambia, tukiwa wawili, tunapepeta uwele. Usipopenda, tutapepeta tu.

Nisalimie Baba, mwambie nitamletea tumbaku ya Ruvuma ya kunusa, ila kikohozi kiishe kwanza. Nisalimie Bibi Naomi, mama yake Baba, na umwambie baridi ya huku ingemrudisha jikoni hata saa sita mchana. Salamu kwa Mjomba Mkumbo na wote wa kwake, kwa mke wa kaka aliyejifungua, na kwa mwinjilisti wetu anayepitisha barua hizi. Wale mapacha wa mbuzi nao wasalimiwe. Kuna mtu huku anauliza habari zao kila Ijumaa.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,

Damari

Yona, ukimaliza kusoma hapa, usiseme neno. Ikunje barua, mpe Mama aishike mwenyewe, wewe nenda kawafungue mbuzi.